Vijiti Kumi na Vitatu

Ninaandika kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Pengine ni mwanamke kama mimi, pengine ni mzee wa watu, lakini wiki hii ametoka hospitalini na fungu la vijiti ndani ya bahasha, akaambiwa avitie mdomoni mara tano kwa siku ili taya lisikaze. Amefika nyumbani, amejaribu, amelia. Mimi nimepita hapo. Habari za dawa siwezi kukueleza, hizo waulize waliozisomea. Nitakueleza tu jinsi siku zilivyokwenda.

Jina langu ni Ndunge. Naishi Kivaa, upande wa Masinga, pamoja na mume wangu Kioko. Tunalima ndengu na mbaazi, tunafuga mbuzi. Tulijaliwa mtoto mmoja, Mwikali, ambaye siku hizi yuko Mlolongo kwa ajili ya kazi.

Ilianza na kidonda ndani ya shavu la kushoto, wakati wa kuvuna ndengu. Nilidhani ni jino. Niling'oa jino, na shimo lake likakataa kufunga. Nilisukutua kwa maji ya chumvi, nikatafuna karafuu, nikapewa mzizi na jirani yangu mmoja ambaye mzizi wake huponya kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Mvua ya Machi ikaja, ikaisha. Kufikia Juni nilikuwa natafuna kwa upande mmoja na kuamka na damu kwenye mto. Kioko ndiye aliyesema, "Kesho tunaenda Machakos," na kesho yake tukaenda.

Walikata kipande kidogo cha kidonda ili kikapimwe, wakaniambia nirudi baada ya wiki tatu. Niliporudi, daktari hakufungua faili. Aliniuliza kwanza, "Mama, umekuja na nani?" Hapo nikajua.

Nilipasuliwa wakati wa baridi ya Julai. Kisha nikaambiwa niende Nairobi kupigwa mionzi, mara thelathini na tatu, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Kutoka Kivaa haiwezekani. Mwezi wa Septemba Kioko alinisindikiza hadi stejini kupanda basi akiwa amenibebea mfuko, akausukuma chini ya kiti, akasema, "Haya, Ndunge." Halafu akarudi kwa mbuzi wake. Ndivyo alivyo. Maneno yake huyahesabu kama mtu anayehesabu mbegu za kupanda.

Mwikali alikuwa na miaka ishirini na saba, na nyumba ya chumba kimoja cha kulala kwenye ghorofa ya tatu. Kutoka dirishani uliona foleni ya malori yanayongojea kupimwa kwenye mizani, na kila ukipangusa meza, vumbi la machimbo ya mawe lilirudi kabla hujakausha kitambaa. Anafanya kazi katika kampuni inayouza vigae. Kazi yake ni kuwapigia wateja simu. Kila Jumatatu bosi wao hutundika karatasi ukutani yenye majina yao wote, na kando ya kila jina kiasi ambacho mtu anapaswa kuuza kufikia Ijumaa. Wenyewe wanaiita tageti. Aliyefikisha huwekewa alama ya kijani, aliyeshindwa nyekundu.

Basi Jumapili ya kwanza niliyolala kwake, binti yangu aliketi mezani na rula na kalamu mbili.

"Mwaitu," akasema, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "hii ugonjwa tutaiendea na mpango."

Kwenye karatasi ya kutundika ukutani aliandika malengo ya wiki. Uji vikombe vinne kila siku. Uzito usipungue hata kidogo. Kushuka ngazi na kupanda mara moja kila jioni. Kuongea na baba kwa simu. Na vijiti viwili zaidi.

Hivyo vijiti ni vile vibao vyembamba ambavyo daktari hukubonyeza ulimi navyo. Unavipanga pamoja kama kurasa za kitabu, unavisukuma katikati ya meno, unakaa hivyo huku machozi yakikutoka, unavitoa. Wiki inayofuata unaongeza. Dada wa mazoezi pale hospitalini, Zawadi, alinipima siku ya kwanza. Mdomo wangu ulipokea vijiti saba.

"Mtu mzima huwa anafika kumi na vinane, wengine hata zaidi," Zawadi alisema. "Ukiongeza kimoja kwa wiki tutashukuru."

Mwikali aliandika viwili. Aliamini kwamba wataalamu hutaja kidogo ili mtu asikate tamaa.

Jumamosi jioni alichukua kalamu. Vijiti vilikuwa bado saba. Uji haukuzidi vikombe viwili. Ngazi nilizishuka mara moja, na kupanda nilipanda kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka keateka, yule mtunzaji wa ploti, akaja kunishika mkono. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Kwenye simu tu ndipo palipata kijani, na hata hapo Kioko ndiye aliyepiga.

"Si neno," Mwikali alisema. "Ni wiki ya kwanza."

Wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

*

Nikueleze kuhusu kungoja, maana ndiko utakakokaa muda mwingi kuliko kwenye mashine yenyewe. Mashine haichukui hata nusu saa. Wanakufunika uso kwa kinyago cha plastiki kilichokandwa kikiwa moto ili kifuate sura yako, wanakibana mezani kwa vifungo, kisha wote wanatoka chumbani. Unabaki peke yako na mlio. Haiumi. Mimi nilikuwa natambua tu kwamba kila siku kinyago kilikuwa kikilegea zaidi, kwa sababu uso chini yake ulikuwa unaisha.

Lakini benchi! Benchi la nje lilikuwa refu, la chuma, na asubuhi lilikuwa na baridi inayopenya nguo mbili. Kila mtu na chupa yake ya maji. Kila mtu na ngozi yake ya shingo iliyoanza kugeuka nyeusi kama iliyounguzwa na uji. Tulijuana kwa mahali tulipougua kabla ya kujuana kwa majina. Kulikuwa na mama wa titi, kijana wa pua, mwalimu wa shingo. Mimi nilikuwa mama wa shavu.

Na kulikuwa na Mzee Barasa. Aliendesha malori miaka yake yote, kwao ni upande wa Bungoma, na alikuwa akiishi Athi River kwa mke wake wa pili. Ugonjwa wake ulikuwa kooni na sauti yake ilibaki kama mtu anayesaga mchanga kwa meno. Kila asubuhi alipofika alisimama mbele ya benchi, akajishika mkanda, akatangaza jambo alilolifanya.

"Jana nimemeza mate," alisema siku ya kwanza nilipomsikia. "Mara mbili. Bila kulia."

Watu walipiga makofi. Nilidhani wamerukwa na akili. Kesho yake alitangaza kwamba amefunga viatu mwenyewe. Kesho kutwa, kwamba ameota ndoto ya nyama choma na hakuamka na hasira. Makofi. Wauguzi walizoea, walipita tu wakitabasamu.

"Na wewe mama wa shavu?" aliniuliza siku moja. "Wewe umefanya nini?"

"Hakuna," nikamwambia. "Nilipangiwa mengi, sikuweza hata moja."

"Sikuuliza ulipangiwa nini."

Nilimwona ni mtu mwenye mzaha mahali pasipo pa mzaha.

*

Kufikia wiki ya tatu chakula chote kilikuwa na ladha ya misumari. Mate yalikauka, yakabaki kama gundi. Ndani ya mdomo palikuwa kidonda kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na uji wa wimbi, ambao nimeunywa tangu nilipoachishwa ziwa, ukawa kama kumeza makaa. Nywele za kisogoni zilibaki kwenye leso. Mwikali alikuwa anaamka mapema, anapika uji, anausaga kwenye blenda usiwe na chembe, anaujaza chupani. Ananipeleka hospitali, ananisubiri hadi jina liitwe, kisha anakimbia kazini. Mimi nilirudishwa saa sita na gari la jirani mmoja aliyekuwa akimleta mkewe hapo hapo. Kutoka saa saba mpaka jioni nilikuwa peke yangu na ile chupa.

Siku moja niliifungua, nikanywa kijiko kimoja, nikashindwa. Niliitazama ile karatasi ukutani, imejaa nyekundu kama shuka la kuchinjia. Nikawaza uso wa mtoto wangu Jumamosi. Nikaumwaga uji kwenye sinki, nikafungulia maji.

Jioni aliuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza," nikasema.

Usiombe kuona alivyofurahi! Alinikumbatia kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Akaweka kijani.

Ndivyo nilivyoanza. Kesho yake nilifanya hivyo tena. Kwa wiki mbili karatasi ilipendeza. Hata vijiti nilidanganya. Nilimwambia vimefika tisa na huku nilikuwa naviona saba vikikwaruza. Hospitalini nilipimwa uzito kila Alhamisi, na muuguzi alipouliza kama ninakula nilisema ninakula, na Mwikali alipouliza muuguzi amesemaje nilisema amesema vizuri. Nguo nilizikaza kwa pini. Mtu akikuambia kwamba mgonjwa hawezi kudanganya kwa sababu mwili wake unaonekana, mwambie hajui wagonjwa. Anayekupenda huona anachotaka kukiona.

Aliyenifichua ni sinki. Jumamosi moja asubuhi lilikataa kupitisha maji. Mwikali alimwita keateka, akaja na spana yake, akafungua bomba la chini, akachokoa na waya. Kilichotoka kilikuwa kijivu na kinanata, kikaendelea kutoka kama utumbo.

"Mama," keateka akaniambia bila ubaya wowote, "hapa kuna uji ya wiki nzima. Nyinyi mnalisha panya?"

Mwikali alimshukuru, akamwomba aache bomba kwanza, akafunga mlango. Akaenda kwenye mkoba wangu, akatoa kadi ya hospitali ambayo hajawahi kuifungua, akasoma uzito wangu wiki kwa wiki. Niliona midomo yake ikisoma.

"Kilo tisa," akasema. "Mwaitu. Kilo tisa, na unaniambia vizuri?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nimefurahi kama mjinga! Wiki mbili naweka kijani. Nimempigia baba simu nikamwambia mama anakula!" Alikuwa anapiga kelele sasa. Hajawahi kunipigia kelele maishani mwake. "Nikupoteze halafu nibaki na karatasi?"

"Wewe ndiye uliyeileta hiyo karatasi," nikamwambia. Mdomo uliniuma kwa kila neno, lakini sikuweza kunyamaza. "Mimi nilikuja hapa kuugua, Mwikali. Sikuja kuandikwa kazi. Kila Jumamosi unanitazama kama mtu aliyeiba."

Alisimama kama niliyempiga kofi. Kisha akaketi sakafuni, pale pale penye maji ya bomba, na gauni lake la nyumbani likalowa.

"Unajua niko wapi kwa ile karatasi ya kazini?" akasema. "Chini kabisa. Wiki ya nne hii. Nafika saa nne, natoka mapema, wateja wanapiga hawanipati. Bosi ameniita mara mbili. Sikukuambia. Nilitaka angalau karatasi moja kwa maisha yangu iwe na kijani."

Sikuwa na nguvu ya kuinama, lakini niliinama. Nilishuka nikilishika kabati, nikaketi karibu naye. Sakafu ilikuwa baridi. Tulikaa hapo mama na binti, wote wawili wameshindwa, na harufu ya uji uliochacha kati yetu. Nje malori yalikuwa yakinguruma.

Mwishowe nikamwambia, "Jana nilikunywa vijiko vitatu. Hivyo ni vya kweli."

"Vitatu?"

"Cha nne kilinishinda."

Alijifuta pua kwa mkono. Akainuka, akaiondoa ile karatasi, akaigeuza, na upande ule mweupe akaandika: *Ijumaa, vijiko vitatu.* Hakuandika vilitakiwa vingapi.

Mchana huo huo alinipeleka hospitalini. Daktari alitukaripia wote wawili, nikatundikiwa maji, nikalazwa siku nne. Mionzi haikusimama. Nilipelekwa kwenye mashine kwa kiti cha magurudumu, na nilipopita mbele ya benchi Mzee Barasa aliinua mkono.

"Mama wa shavu, leo?"

"Vijiko vitatu," nikamwambia.

Benchi zima lilipiga makofi, na mimi nikaona aibu, na nikaona pia kitu kingine ambacho sikutaka kukiita furaha.

*

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Bado tulipanga malengo, maana Zawadi alisema bila lengo taya litajifunga kabisa. Na bado niliyakosa, karibu kila wiki. Tofauti ni kwamba Jumamosi jioni, kabla ya kuhesabu nilichokosa, Mwikali alinitaka nitaje kitu kimoja kilichowezekana. Chochote. Nikikitaja, alichemsha maji, akayatia kwenye karai, akaniosha miguu na kuipaka mafuta. Ndiyo iliyokuwa sherehe yetu. Chakula nisingeweza kula, na muziki ulinipigia kichwani, lakini miguu ilikuwa haina ugonjwa.

Kuna Jumamosi nilichukia. Kuna moja nilimwambia, "Unasherehekea nini? Nimeoga mwenyewe. Hata mtoto wa miaka mitano anaoga." Nilitupa kijiko kikagonga mlango. Alikiokota akakiosha, akaleta karai vile vile, akaniosha miguu, na mimi nililia mpaka kifua kikauma. Kuna Jumamosi ambayo sikupata cha kutaja hata kimoja, nikasema, "Sijafa." Akaandika hivyo hivyo.

Mzee Barasa aliacha kuja katika wiki yangu ya sita. Tulijiambia amemaliza mionzi. Kisha Jumatano moja alikuja mkewe, mwanamke mnene mwenye leso ya buluu, kurudisha fimbo ya kutembelea aliyoazimwa na wauguzi. Benchi lilinyamaza kabla hajafungua mdomo.

Niliwaka hasira. Nilihasirika na yale makofi yote, mate aliyoyameza, viatu alivyovifunga. Vimemsaidia nini? Nilipompa yule mama mkono nilimwambia pole na nikakusudia kukaa kimya, lakini yeye ndiye aliyetaka kuzungumza.

"Siku ile asubuhi aliinuka akakaa," aliniambia. "Mwenyewe, bila kushikwa. Akanitazama mpaka nikapiga makofi. Nilikuwa na sufuria mkononi, nikaiweka chini nikapiga." Akatazama viganja vyake. "Sasa nafurahi kwamba nilipiga."

Nimekaa na maneno yake muda mrefu. Sikupi kama funzo. Nakupa kama nilivyopewa.

*

Mionzi iliisha mvua ya Novemba ilipokuwa imeshika. Kila mtu alinipongeza, na hakuna aliyeniambia kwamba wiki mbili baada ya mwisho huwa mbaya kuliko zote. Basi nakuambia mimi. Nilitiwa mpira puani, nikalishwa kwa bomba la sindano kama kondoo aliyefiwa na mama. Sauti iliondoka kabisa. Vijiti vikarudi vitano, chini ya nilikoanzia. Simu za Kioko, Mwikali alizipokea akaniwekea sikioni, naye Kioko, akijua siwezi kujibu, alinieleza habari za shamba: ndengu zimeota, mbuzi wa kahawia amezaa pacha, mto umejaa. Kwa maisha yetu yote ya ndoa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo.

Mpira ulitolewa wiki moja kabla ya Krismasi. Vijiti sita. Saba. Januari yote saba. Kisha vinane kwa siku moja, vikarudi saba. Mwikali alihamishiwa kazi nyingine pale pale kwao, ya kupanga sampuli stoo, kazi ya chini zaidi, lakini haina karatasi ukutani. Alisema anaipenda. Sijui kama ni kweli. Nilimwacha aseme.

Nilirudi Kivaa mwezi wa Februari, nikabaki nikienda Nairobi mara moja kwa mwezi. Mwaka ulipozunguka nilifika kumi na vitatu. Zawadi alipima mara mbili, akavitoa, akavipangusa.

"Kumi na vinane je?" nikamwuliza.

"Mama, sitakudanganya. Huenda ni hapa. Uendelee na mazoezi usije ukapungua, lakini huenda ni hapa."

Kumi na vitatu si kitu cha kutangaza redioni. Kijiko kidogo kinaingia, kikubwa hakiingii. Chapati siwezi, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, siwezi mpaka isagwe. Kupiga miayo kunauma. Shavu limeingia ndani, na watoto wasionijua hunitazama sana kanisani. Daktari anasema kwa sasa hakuna kitu, na kila baada ya miezi mitatu narudi kuambiwa tena "kwa sasa." Usiku wa kuamkia siku hizo silali. Sijui hofu hiyo huisha lini, na sijapata wa kuniambia.

*

Lakini kuna jambo la nyumbani ambalo nataka ulijue, kwa sababu linaweza kukupata na hakuna daktari atakayekuonya.

Niliporudi Kivaa, Kioko aliacha kula pamoja nami. Kwa miaka thelathini tumekula meza moja. Sasa nilipoketi na bakuli langu la chakula kilichosagwa, yeye alichukua sahani yake akatoka nje, akaenda kula nyuma ya ghala. Alikuwa na sababu kila siku. Anaangalia mbuzi. Kuna joto ndani. Nilijua sababu yenyewe, au nilidhani najua. Mimi nakula kwa sauti. Chakula hunitoka pembeni ya mdomo upande usio na hisia, na sijui mpaka nipanguse. Nilijiambia, mwanamume huyu ananionea kinyaa, na ana haki.

Nilinyamaza miezi. Ndoa yetu inajua kunyamaza. Mwikali alipokuja Pasaka aliona, akaniuliza, nikamwambia asiingilie. Vijiti niliendelea navyo, lakini bakuli nilianza kuliacha. Lengo la kila wiki lilikuwa kulimaliza lote mara moja tu, na kila wiki lilinishinda, kwa sababu ukila peke yako unasikia kila unachomeza.

Siku moja ya Oktoba, mchana, kabla ya mvua, nilichukua bakuli langu nikamfuata. Alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, sahani ya muthokoi na maharagwe mapajani. Aliponiona aliifunika kwa mkono. Kweli, aliifunika, kama mwanafunzi anayeficha daftari.

"Unanikimbia, Kioko," nikamwambia.

"Sikukimbii."

"Miezi minane unakula na mbuzi."

Alitazama chini. Nilikuwa tayari kurudi ndani.

"Naona haya kutafuna," akasema. "Wewe ulipenda muthokoi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nikitafuna mbele yako, ni kama nakuibia."

Nilisimama na bakuli langu pale juani. Miezi minane nilikuwa nimejichukia kwa ajili ya kinyaa ambacho hakikuwapo.

"Tafuna," nikamwambia. "Mimi nataka kusikia."

Alisogea, nikaketi kwenye gunia. Mwanzoni alitafuna kwa woga, mdomo umefungwa, kama yuko kwa wakwe. Kisha akasahau. Ni mtu wa kutafuna kwa sauti, amekuwa hivyo tangu ujana. Nami nikachukua kijiko changu kidogo. Mbuzi walikuja wakatutazama wakaondoka. Kila nilipopangusa pembe ya mdomo nilimwona anaona, na hakugeuza uso.

Wiki hiyo, kama wiki zote, nilikuwa nimeazimia kumaliza bakuli. Nilifika nusu, koo likakataa.

"Ni hapo," nikamwambia. "Limenishinda."

"Umekula mpaka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Leo umepita jana," akasema, ingawa jana hakuwapo.

Akalichukua bakuli mikononi mwangu, akamaliza kilichobaki kwa kijiko changu kile kile, na alipomaliza akakilamba.